Nani Alibeba Madaftari

Darasa la sita, katika shule moja ya msingi wilayani Mbozi, kubeba madaftari kulikuwa cheo. Mwalimu alipomaliza kipindi cha mwisho alitaja jina moja, na mwenye jina akainuka, akapokea rundo la madaftari arobaini na kitu, akaliegemeza kidevu ili lisimwagike, kisha akashika njia iliyopita kando ya mibuni hadi kwenye nyumba za walimu. Haikuwa adhabu. Sisi tuliobaki tuliona wivu. Nyumbani, mzazi akisikia kwamba mwanawe ndiye anayebeba madaftari, uso ulimchangamka: mtoto ana akili, ana adabu, mwalimu anamwamini. Neno lilikuwa hilohilo, anamwamini. Swali la upande wa pili halikuulizwa na yeyote, yaani sisi tunamwamini mwalimu kwa lipi, na mlango wa nyumba yake ukifungwa ni nani anayejua kinachoendelea ndani.

Msichana aliyebeba madaftari yetu mwaka ule nitamrudia baadaye. Kwanza nataka tufike Tunduma, mji wetu wa mpakani na Zambia.

Kutoka Vwawa wilayani Mbozi si mbali. Ukikaribia Mpemba unaanza kuhesabu malori yaliyopanga foleni kando ya barabara ya TANZAM, kisha unachoka kuhesabu. Mengine yanakwenda Zambia, mengine yanavuka Zambia kwenda Kongo, na kila lori lina dereva, utingo, na watu wanaoishi kwa kumuuzia chakula, vocha, kitanda na kwacha. Mji umekua upesi kuliko watu wake walivyoweza kufahamiana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 219,309 katika Halmashauri ya Mji wa Tunduma, ndani ya mkoa wa Songwe wenye watu 1,344,687, na mkoa wenyewe ulianza mwaka 2016 tu, ulipomegwa kutoka Mbeya.

Katika kijiji cha wilaya ya Ileje mgeni akiingia, kabla hajamaliza kunywa maji aliyokaribishwa, wazee wamekwisha kujua ni mtoto wa nani, ameoa wapi, na ukoo wao una sifa gani. Tunduma huna wa kumuuliza. Jirani yako wa Sogea alihamia juzi kutoka Sumbawanga, wa Majengo ana familia nyingine Nakonde, upande wa Zambia, wa Makambini yuko safarini siku ishirini kwa mwezi. Katika mji wa namna hiyo mtu hutambulishwa na cheo chake. Huyu ni mwalimu. Huyu ni mtumishi wa Mungu. Huyu ni afande, huyu ni daktari, hata kama kazi yake ni kupanga mafaili kwenye zahanati. Cheo kinasimama mahali pa ukoo, na anayekitaja anapewa kiti, anapewa shikamoo, na mwishowe anapewa watoto.

Hapo mpakani, Oktoba 5, 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walifungua kituo cha pamoja cha huduma kati ya Tunduma na Nakonde. Lori likipita pale linaulizwa kila kitu: nyaraka za mzigo, lakiri, pasipoti ya dereva, kodi. Nimewahi kumwona mama mmoja akifunguliwa kiroba cha mahindi mpaka chini kabisa. Ni sawa, ndiyo kazi ya mpaka. Lakini katika mitaa iliyo nyuma ya kituo hichohicho, mwanamume anapanga chumba, anasema yeye ni mwalimu wa twisheni, na kabla mwezi haujaisha ana watoto kumi na wawili sebuleni kwake hadi saa mbili usiku. Alifundisha wapi zamani? Aliondoka kwa nini? Nyumba aliyotoka alikuwa anaishi na nani? Kiroba cha mahindi kimekaguliwa kuliko yeye.

Namba moja ya mkoa huu inapaswa kutunyima usingizi. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa Songwe wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kupata ujauzito. Ni kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini, na ni mara mbili ya wastani wa taifa ambao ni 22. Nisisingizie watu. Wapo waliopewa mimba na vijana wa rika lao au waendesha bodaboda, na wapo waliokuwa wameozwa. Namba hiyo haisemi ni wangapi walianguka mikononi mwa mtu mwenye madaraka juu yao. Inachonionyesha mimi ni kwamba wasichana wetu wengi sana wanafika mahali wanapokuwa peke yao na mwanamume, bila macho ya mwingine, na bila mtu wa kumwambia baadaye.

Fikiria sekondari za kata wilayani Momba, ambako nyumbani ni mbali na bweni hakuna. Mtoto wa kidato cha pili anapangishiwa chumba karibu na shule, geto kama wanavyoliita wenyewe, anapika mwenyewe, anafunga mlango mwenyewe. Baba yuko shambani umbali wa saa tatu kwa miguu. Mlezi wake ni nani? Ukimuuliza baba, atakujibu kwa moyo mweupe: walimu wapo. Na kweli wapo, na wengi wao ndio wanaomnunulia mtoto huyo sabuni na kumkemea anapozurura. Ninawajua walimu waliosimama mlangoni pa geto usiku kumfukuza mtu aliyekuja kubisha hodi. Lakini sentensi ile, walimu wapo, ndiyo hiyohiyo anayoitegemea mwalimu mmoja mwenye nia mbaya. Hahitaji kuvunja kitu. Amefunguliwa.

Watu hudhani sheria zetu hazikuliona jambo hili. Ziliona, na mapema. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, Masharti Maalumu, iliyobadilisha Kanuni ya Adhabu. Isome aya ya tatu ya kifungu cha 130. Baada ya kueleza ubakaji ni nini, watunga sheria hawakuishia hapo. Waliorodhesha watu. Wa kwanza ni mwenye madaraka anayetumia nafasi yake dhidi ya msichana au mwanamke aliye chini yake kikazi. Kisha mtumishi wa mahabusu au mahali pengine pa kuzuilia watu. Kisha mtumishi wa hospitali. Kisha mganga wa jadi, dhidi ya aliyemwendea kutafuta tiba. Na mwisho kiongozi wa dini.

Orodha hiyo nimeisoma mara nyingi, na kila mara inanigusa kwa namna ileile. Haiko pale kwa sababu watu hawa ni wabaya kuliko wengine. Iko pale kwa sababu hao ndio tunaowapigia magoti. Ni watu ambao tukiingia kwao tunavua viatu, tunavua nguo, tunavua siri zetu, tukiamini kwamba hilo ndilo linalotakiwa ili tupone, tufaulu, tuachiwe huru au tubarikiwe. Mbunge wa mwaka 1998 alielewa kwamba mtu wa namna hiyo hahitaji kisu. Adhabu iliyowekwa kwa ubakaji haipungui kifungo cha miaka 30, na aliyebakwa akiwa chini ya miaka kumi, ni kifungo cha maisha. Kwa aliye chini ya miaka 18 ambaye si mke wa mtuhumiwa, habari ya kwamba alikubali haina nafasi.

Mwalimu hakutajwa kwa jina katika orodha ile, lakini mwenye madaraka ametajwa wa kwanza, na kwa mtoto wa darasa la sita hakuna mwenye madaraka kumzidi mwalimu. Hata mtendaji wa kata hawezi kumpa mtoto viboko au alama.

Turudi mtaani tuone jinsi kazi hii inavyofanyika, maana haifanyiki kama tunavyowatisha watoto. Tunawaambia wamwogope mtu wasiyemjua, anayewaita gizani kwa pipi. Mwenye hila ya kweli anakuja mchana, anabisha hodi, anaanza na mzazi. Anamsaidia mama kuandika barua ya kuomba mkopo wa kikundi. Analeta sukari siku ya msiba. Ada ikipungua, anaongezea, na hadai. Polepole anakuwa mtu wa nyumbani, watoto wanamwita baba mdogo, na siku anaposema mtoto huyu ana kipaji, aje nimfundishe jioni, mama anamshukuru Mungu. Yule aliyezoeshwa kwanza ni mama. Mtoto akija kusema jambo, anasema juu ya mtu ambaye nyumba nzima inamdai shukrani.

Hili halina uzungu wala uafrika. Nchini Marekani, daktari Larry Nassar aliyewatibu wasichana wa mazoezi ya viungo wa timu ya taifa na wa Chuo Kikuu cha Michigan State aliwadhalilisha kwa miaka mingi kwa kisingizio cha tiba, na mara nyingine mzazi alikuwa amekaa chumba kilekile. Daktari alisimama akamkinga mzazi asione, huku akiendelea kupiga naye soga. Malalamiko yalianza kutolewa mwaka 1997. Alihukumiwa mwaka 2018, kifungo cha miaka 40 hadi 175, baada ya wanawake 156 kusimulia mahakamani. Kati ya miaka hiyo miwili wapo wazazi waliowarudisha binti zao kwake wenyewe, kwa gari lao wenyewe, kwa sababu alikuwa daktari bingwa na mtoto alikuwa anatia chumvi. Basi mama wa Kaloleni hapa Tunduma, asiyejua kusoma, asidhani kwamba alidanganyika kwa sababu ya ujinga. Kilichomponza yeye ndicho kilichowaponza wenye shahada.

Kwa mganga, kinga yake ni sharti la siri. Uingie peke yako. Usimwambie mtu ulichofanyiwa, ukisema dawa inapoteza nguvu. Mwanamke aliyekwenda kutafuta mtoto, au binti aliyepelekwa na shangazi kwa sababu anaanguka kifafa, anatoka mle ndani akiwa amefungwa mdomo na hofu yake mwenyewe: akisema, hatapona. Tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na lipo baraza la kuwasajili waganga, lakini cheti ukutani hakimzuii mtu kufunga pazia. Mkoa wetu unawajua pia lambalamba, wale wanaoitwa vijijini kufichua wachawi, na ambao viongozi wa serikali wamekuwa wakiwapiga marufuku. Huingia kijijini kwa kuitwa. Ambaye kijiji kizima kimempa haki ya kuingia chumba chochote na kutaja mchawi ni nani, mwanamke atamkatalia nini?

Kwa mtumishi wa Mungu naandika nikiwa na uzito moyoni, kwa kuwa nimelelewa kanisani. Wamoravian walifika Mbozi mwaka 1899, na kanisa hilo na mengine ya zamani yana mabaraza ya wazee, sinodi, watu ambao mchungaji anapaswa kuwajibu. Hilo halimfanyi kila mchungaji kuwa salama, lakini angalau kuna mlango wa kubisha. Shida inakua pale mtu mmoja anapoanzisha huduma yake katika fremu ya duka, yeye ndiye mwanzilishi, mwenyekiti, mweka hazina na sauti ya Mungu kwa wakati mmoja. Binti akiambiwa ana roho ya kukataliwa na anahitaji maombi ya faragha ya usiku ili afunguliwe, atakata rufaa kwa nani? Akishtaki, atakuwa anamshtaki mpakwa mafuta. Waumini wenyewe watamzomea kabla polisi hawajafungua jalada. Imani haikuumbwa iwe hivyo. Mzee wa kanisa anayesema maombi yote yafanyike mlango ukiwa wazi, na wanawake wawili wakiwepo, hajapungukiwa imani hata chembe.

Kazi nayo ni cheo, pengine kikubwa kuliko vyote katika mji wa vibarua. Ndugu zetu wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, watu wanaosema Kiswahili hikihiki, walilijua hilo kati ya mwaka 2018 na 2020, Ebola ilipowaka Kivu Kaskazini na Ituri. Magari meupe yaliingia, na ndani yake watu waliovaa vizibao vya mashirika ya kuokoa maisha. Wanawake waliokwenda kuomba kazi ya kufagia, kupika au kuelimisha jamii waliambiwa kazi ipo, njoo hotelini. Baada ya waandishi wa habari kuyafichua mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani liliunda tume huru, na mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa Julienne Lusenge, mwanaharakati wa Kongo hiyohiyo ya mashariki. Ripoti ya tume hiyo ya Septemba 2021 iliwataja watuhumiwa 83, na kati yao 21 walikuwa watumishi wa Shirika la Afya Duniani lenyewe. Mkuu wa shirika, Tedros Ghebreyesus, aliomba radhi mbele ya dunia. Nimelichukua jambo hilo kwa sababu moja. Kizibao kile kilikuwa cha kweli, dawa walizoleta zilikuwa za kweli na ziliokoa watu. Wema wa taasisi ulikuwa wa kweli, na ndio uliomfunika mhalifu.

Hapa kwetu tunaita rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ilipotungwa iliwekea kosa hilo faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Jina hilo sijawahi kulipenda. Rushwa ina mtoaji na mpokeaji, kana kwamba wawili wamekaa mezani wakapatana. Mwanafunzi wa chuo anayeambiwa alama zake zipo lakini azifuate gesti hajakaa mezani na mtu.

Sasa tufike mahali ambapo, kwa maoni yangu, ndipo tunapowapoteza watoto kwa mara ya pili. Ni saa ile mtoto anapofungua mdomo.

Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulikuta kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Kwa wavulana, walionyamaza walikuwa karibu theluthi mbili. Naomba tusiwasahau wavulana. Mvulana aliyelawitiwa na mtu mzima anayeheshimika hana hata neno la kuanzia, maana tumemfundisha kwamba wa kuogopewa hayo ni dada yake.

Anayesema, anasema kwa mzunguko. Hasemi nilibakwa. Anasema, mama, twisheni sitaki tena. Anasema tumbo linauma kila Jumanne. Anasema ticha ana tabia mbaya. Na mzazi, ambaye alilipa ada ya mwezi mzima, anajibu: acha uvivu. Akiendelea, anaulizwa maswali ya polisi na mama yake mzazi: nani alikuona, kwa nini hukupiga kelele, mbona ulirudi wiki iliyofuata, una uhakika, unajua unamsema nani?

Mahakama za nchi hii haziendi hivyo. Tangu mabadiliko ya mwaka 1998, Sheria ya Ushahidi inaruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, au wa aliyetendewa peke yake, akiridhika kwamba anasema kweli na akaandika sababu zake. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji ni ule unaotoka kwa aliyebakwa. Hakimu bado anampima shahidi huyo, anamsikiliza na mshtakiwa, na kuna wanaoachiwa kwa haki. Lakini anaanza kwa kumsikiliza. Sebule zetu zinadai ushahidi mkubwa kuliko Mahakama ya Rufani. Mtoto anayeweza kuaminiwa na majaji watatu hawezi kuaminiwa na baba yake, kwa sababu anayesemwa ana cheo.

Kisha tunayamaliza nyumbani. Wazee wa pande mbili wanaitwa, mwenyekiti wa mtaa anakaa katikati, kinapangwa kiasi, kinalipwa, watu wanapeana mikono. Baba anasema amelinda jina la binti. Jina lililolindwa pale ni la nani? Mtuhumiwa anaondoka na cheo chake kilevile, kikiwa hata kimesafishwa kwa mkono wa wazee. Akiwa mtumishi wa umma, mara nyingi huhamishwa. Tume ya Utumishi wa Walimu ina mamlaka ya nidhamu juu ya walimu, na polisi wana mamlaka juu ya kosa la jinai, lakini vyote viwili vinahitaji mtu wa kupeleka jambo. Uhamisho hauhitaji shahidi. Unachukua shida ya shule moja na kuikabidhi kwa shule nyingine ambayo watoto wake hawajaonywa.

Na wakubwa wanapozungumza, watoto wanasikiliza. Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi katika shule ya serikali. Novemba 2021 Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Joyce Ndalichako, iliondoa zuio hilo. Kati ya tarehe hizo mbili, msichana aliyepewa mimba na mtu aliyepaswa kumlinda alikuwa na sababu moja zaidi ya kunyamaza, maana kusema kulikuwa kujifukuza shule. Agosti 2024 ikasambaa video ya binti aliyefanyiwa ukatili na kundi la wanaume wakimlazimisha amwombe radhi mtu waliyemwita afande. Neno hilo lilibaki masikioni mwa nchi nzima. Wanaume wanne walihukumiwa kifungo cha maisha mjini Dodoma tarehe 30 Septemba mwaka huohuo. Lakini kabla ya hukumu, Kamanda wa Polisi wa mkoa huo alinukuliwa akimsema binti yule kana kwamba alikuwa anajiuza, naye akaondolewa katika nafasi yake. Kuondolewa kwake kulikuwa sahihi. Ila maneno yale yalikwishafika Tunduma, kwenye geto la Momba, kwa kila binti aliyekuwa anapima kama aende kituoni au asiende.

Mambo yamesogea, sitaki kuyaficha. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya mtoto, namba 116, inapigwa bure, na anayepokea si jirani wala mtu wa ukoo. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia watoto wa awali hadi darasa la nne kulazwa bweni bila kibali maalumu, na wako wazazi walionung'unika kwa sababu ya kazi zao. Mimi nilishukuru. Mtoto wa miaka saba hana umri wa kumtambua mtu mzima anayemzidi ujanja, na hakuna matroni anayeweza kuwa mama wa watoto themanini.

Kuna pia jambo la saa, ambalo kila mzazi anapaswa kulijua kama anavyojua bei ya unga. Mtoto akitendewa, asiogeshwe. Mama wengi humwogesha kwanza, kwa upendo, kwa kutaka kumwondolea uchafu, na maji yale yanaondoka na ushahidi. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye karatasi na si kwenye mfuko wa plastiki. Afikishwe hospitali haraka iwezekanavyo, maana dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianza ndani ya saa 72. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa kesi, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Vikao vya wazee wa pande mbili huchukua siku nne, tano. Hesabu mwenyewe.

Na twisheni? Iendelee, watoto wanaihitaji. Ila ifanyike darasani au barazani, mlango wazi, watoto wakiwa wengi, na mzazi awe na uhuru wa kupita wakati wowote bila kuonekana anatukana. Mwalimu mwema halichukii hilo. Nimemuuliza mmoja anayefundisha hesabu watoto wa mtaani kwake, akanionyesha meza yake: ameitoa nje, chini ya mwembe, na kila anayepita njiani anaona ubao.

Msichana wa darasa letu alibeba madaftari kuanzia Februari hadi karibu na Juni. Mwanzoni alirudi anakimbia ili awahi kucheza rede. Baadaye alirudi akitembea. Kisha akaanza kuomba aandamane na mwenzake, na mwalimu akasema kazi ya mtu mmoja haifanywi na wawili, nasi tukacheka. Mimi ni mmoja wa aliowaomba, na nilimwambia anaringa. Shule ilipofunguliwa Julai hakuwepo. Tulisikia ana mimba, amepelekwa kwa bibi yake ng'ambo ya mto. Hakuna mtu mzima aliyetukalisha chini kutuuliza lolote. Yule mwalimu aliaga mstarini mwezi uliofuata kwamba amepata uhamisho, mwalimu mkuu akatuambia tumpigie makofi, tukapiga.

Mwalimu mpya alikuja Jumatatu. Kipindi cha mwisho kilipoisha alitazama darasa, akauliza nani huwa anabeba madaftari. Mikono ilipanda chumba kizima.